Nilikula Nyama ya Matanga Yangu

Wiki iliyopita mliniacha mlangoni kwangu, Iyula, nimeshika suti mpya na sina pa kuiweka, kwa sababu shangazi yangu alikuwa amekalia sanduku langu.

Kwa anayenisoma leo kwa mara ya kwanza: naitwa Kefa Nzunda. Mwaka 1954 nilikuwa bwana shamba msaidizi, kazi yangu kuwafundisha kupogoa mikahawa wazee ambao wangeweza kunifundisha mimi. Serikali ikanichagua niende Uingereza kusoma kilimo kwa mwaka mmoja. Basi la kunipeleka Mbeya lilikuwa lipite Vwawa siku ya Jumanne, saa nne asubuhi. Nisipolipanda, meli ingeondoka Dar es Salaam bila mimi, na nafasi ingekwenda kwa mtu wa wilaya nyingine.

Kichwani mwangu hapakuwa na kitu kingine. Jumanne, saa nne.

Shangazi Tusekile alikuwa na jambo lake. Alishuka kwenye lori kutoka Tunduma siku ya Jumatano, akaingia ndani, akalikalia sanduku langu la bati na kukataa kuinuka. Alikula pale pale na kusali pale pale. Akitaka kwenda nyuma ya nyumba, alimwita mke wangu Leah akae badala yake, na Leah, kwa heshima, alikaa.

"Shangazi, naomba sanduku."

"La nini?"

"Nipange nguo. Nasafiri."

"Mume wangu naye alipanga nguo. Alikwenda Kopabelti kwa mwaka mmoja. Mpaka leo mwaka haujaisha."

Mume wake alifia mgodini huko Rhodesia, na habari zilimfikia baada ya miezi saba, tena kutoka mdomoni mwa mlevi. Shangazi hakuona maiti wala kaburi. Hata kulia hakulia pamoja na watu, maana watu watakujaje kwenye msiba ambao mwenye msiba mwenyewe hana uhakika nao?

"Sikukatazi, mwanangu," akasema. "Nenda. Lakini kwanza tukulilie."

"Mnililie nini, nami ni mzima?"

"Ndiyo maana tukulilie sasa, wakati upo. Ukifia huko Ulaya, nani atatuletea habari? Tukulilie kabisa, tumalize. Ukirudi, tutacheka. Usiporudi, tulishakulilia."

"Shangazi, hayo mambo hayapo duniani."

"Basi na sanduku halipo."

Hapa naanza kuungama. Ningeweza kukataa. Ningeweza kufunga nguo zangu kwenye shuka, nikaondoka. Lakini nilikuwa na tamaa ya kusikia watu watasema nini juu yangu nikifa. Tamaa hiyo nilikuwa nayo tangu utoto. Nikakubali, tena nikajifanya nakubali kwa kumhurumia yeye.

Mzee Osea, mzee wa kanisa letu, alisumbua kidogo.

"Kanisa haliwezi kumwombolezea mtu anayekohoa," akasema.

Shangazi akamwuliza, "Ni dhambi kumuaga msafiri mapema?"

"Hapana."

"Ni dhambi kulia wakati wa kuaga?"

"Hapana."

"Ni dhambi kula nyama?"

Mzee Osea akafikiri. Alipomaliza kufikiri alikuwa upande wetu.

Jumamosi wakaja watu kutoka kila upande, na wengine kutoka Galula ambao hata sikuwajua. Ng'ombe akachinjwa. Ng'ombe alikuwa wangu, na niliyemshika pembe ni mimi. Kisha wakanifungia katika ghala la kahawa, kwa sababu, alivyosema shangazi, haipendezi marehemu kuzurura kwenye msiba wake.

Nikakaa juu ya magunia, jicho kwenye ufa wa mlango, bakuli la nyama mapajani. Ninaungama: nyama ya matanga yangu niliila mwenyewe, nikagonga ukuta, nikaongezewa.

Jamani, kufa ni kutamu ukiwa mzima! Baba mkubwa Anyitike, ambaye mwaka mzima alikuwa akiniita mjinga wa vitabu, alisimama akasema hajapata kuona kijana mwenye akili kama mimi. Akasema sikuwahi kumpandishia mtu mzima sauti. Nikaanza kulia. Nilijililia mwenyewe, nikiona kweli Iyula imepata hasara kubwa.

Akaja Leah. Alilia kuliko wote. Alijitupa chini, kitambaa kikamtoka kichwani.

"Kefa! Umeniacha na nani, Kefa? Umeondoka bila kuniuliza, Kefa!"

Mimi nilikuwa na mfupa mdomoni, nikajisemea, mke wangu anajua kulia. Walipoondoka nilimwambia hivyo hivyo: "Umelia vizuri, mama. Umewashinda wote." Akanitazama, akaenda kuosha masufuria.

Lakini narudi nyuma kidogo, maana kabla watu hawajaondoka kulitokea jambo.

Nyama ilipokwisha, shangazi akatangaza kwamba tumemaliza. Baba mkubwa Anyitike akakataa.

"Tumemaliza nini? Mrithi yuko wapi?"

"Kaka, haya ni ya kuaga tu," shangazi akasema.

"Mimi nimelia. Ng'ombe ameliwa. Matanga bila mrithi ni mchezo wa watoto, na mimi sikutoka kwangu kuja kucheza."

Niwaeleze wasomaji wa mbali. Katika ukoo wetu, mtu akifa huchaguliwa mwingine wa kusimama mahali pake. Huyo huvalishwa nguo ya marehemu, hukalishwa kwenye kigoda chake, hupewa jina lake. Tangu saa ile yeye ndiye. Watu wakimwita kwa jina lake la zamani, si lazima aitike.

Wakatazamana. Aliyekuwa karibu na kigoda changu ni Nathanaeli, mtoto wa baba mdogo, kijana mrefu aliyekuja kwa ajili ya maini. Wakamshika. Wakauliza nguo ya marehemu. Mtu akaingia ndani, akakuta suti yangu mpya ya Tunduma imetundikwa msumarini, nzuri kuliko nguo zote za nyumba ile. Suruali ilimfika Nathanaeli katikati ya miguu, lakini koti lilimkaa.

"Kuanzia leo," Baba mkubwa akasema, "wewe ni Kefa Nzunda."

Watu wakapiga makofi. Na mimi, ndani ya ghala, nikapiga makofi.

Jumapili niliamka na furaha. Shangazi alikuwa ameinuka kwenye sanduku mwenyewe, uso umemlainika, anaimba. Nikatoka nje kunawa.

"Shikamoo, marehemu," wakaniamkia watoto wa jirani.

Nikacheka. Nikaenda kisimani, wanawake wakanipisha. "Habari za asubuhi, marehemu. Umelala salama?" Nikacheka tena, kidogo. Kanisani nikakuta kwenye nafasi yangu ameketi Nathanaeli, amevaa suti, ameshika kitabu juu chini. Mzee Osea akanisogezea kigoda karibu na mlango. "Kaa hapa, marehemu, upate hewa."

Sikucheka tena.

Jumatatu nikaenda kwa Nathanaeli kuchukua nguo yangu. Nilimkuta kibarazani, miguu ameinyoosha.

"Nathanaeli, lete suti. Kesho nasafiri."

Akaendelea kutazama barabara.

"Nathanaeli!"

Akageuka kutazama nyuma yake, kama kuna mtu mwingine nimemwita.

"Haya," nikasema, meno nimeyauma. "Kefa. Lete suti."

"Ahaa! Karibu, marehemu. Keti."

"Sikai. Mfukoni mwa koti kuna barua ya serikali. Ndiyo itakayonipandisha basi."

"Nimeiona. Imeandikwa jina langu."

Nikamkamata ukosi. Akanitoa mikono taratibu, akanitazama kwa masikitiko.

"Kefa hakuwa mtu wa kukamata watu," akasema. "Baba mkubwa alilisema vizuri Jumamosi. Usituharibie jina."

"Wewe hujui Kiingereza hata neno moja!"

"Si ndiko kwenyewe nakwenda? Nitakikuta."

"Na kahawa je? Unajua nini habari za kahawa?"

"Naichuma. Wewe unaifundisha tu." Akanishika bega. "Usiogope, ndugu yangu. Mke wako simtaki, kanisa limekataza kurithi wajane, nami nashika la kanisa. Nachukua safari peke yake."

Nikakimbia kwa Baba mkubwa Anyitike. Nikamweleza yote, napumua kama mbwa. Akanisikiliza hadi mwisho, maana alikuwa mtu wa adabu.

"Nimekuelewa," akasema. "Lakini marehemu hasafiri."

"Baba mkubwa, mimi ni mzima! Niguse!"

"Sikukugusa hata ulipokuwa hai. Sikiliza. Watu mia mbili wamekulilia. Tukisema leo kwamba hukufa, yule ng'ombe alikufa kwa ajili gani?"

"Basi mniondoe kwenye ufu. Hakuna desturi ya hivyo?"

Akakuna kidevu. "Jina ni moja. Ili wewe ufufuke, sharti yeye afe. Nenda kamwulize kama yuko tayari kabla ya saa nne kesho."

Nilimwuliza. Hakuwa tayari.

Jumanne nikafika Vwawa mapema, na sanduku kichwani, katika shati langu la kazini. Nilikuwa na tumaini moja tu. Bwana Shauri, ofisa wa Kizungu wa wilaya, angekuja mwenyewe kuniaga, na yeye alinijua uso kwa uso, tumetembea mashamba pamoja mwaka mzima. Mbele ya serikali, nilijiambia, aliye hai ni hai.

Bwana Shauri akaja. Alikuwa mwingine. Yule wangu alikuwa amekwenda likizo kwao, na huyu mpya, kijana mwenye pua iliyobabuka jua, alikuwa na siku nne tangu afike.

Basi likaja. Ukoo mzima ukaja nyuma yake kwa miguu, wakiimba, na mbele yao Nathanaeli na suti yangu. Leah alikuwa nyuma kabisa, amebeba kikapu cha chakula cha njiani. Cha nani, sikujua.

"Kefa Nzunda ni nani?" Bwana Shauri akauliza kwa Kiswahili chake.

"Mimi," nikasema.

"Yesi, sa," akasema Nathanaeli, akatoa barua.

Bwana Shauri akatutazama mmoja mmoja. Akaniuliza kwa Kiingereza jinsi ya kupogoa mkahawa uliozeeka. Kwa hasira nilizokuwa nazo nilimpogolea shamba zima. Akamwuliza Nathanaeli swali lile lile.

"Yesi, sa," Nathanaeli akasema. "Yesi, sa. Asante, sa."

"Basi ni huyu," Bwana Shauri akasema, akininyooshea kidole mimi. Nikakaribia kumkumbatia.

"La, bwana!" Baba mkubwa Anyitike akaingilia. "Huyo anajua Kiingereza, hatukatai. Marehemu alisoma sana."

"Marehemu? Marehemu nani?"

Watu wote wakanionyesha mimi kwa vidole.

Bwana Shauri akavua kofia. Akamgeukia Mzee Osea, ambaye alikuwa amevaa kola nyeupe na kushika Biblia. "Wewe ni mtu wa Mungu. Kefa Nzunda ni yupi?"

Mzee Osea akafumba macho. Nilimwona anateseka kweli. "Siwezi kusema uongo, bwana. Kefa Nzunda ni yule mwenye suti. Alisimikwa Jumamosi mbele ya macho yangu."

"Ana mke?"

"Anaye. Yule pale."

"Mwiteni. Mke hawezi kukosea mume wake."

Leah! Leah wangu, tuliyefunga naye ndoa Mbozi Mission kwa pete ya kuazima. Leah ambaye hajapata kusema uongo hata wa kumnyamazisha mtoto wa jirani. Akaja, akaweka kikapu chini. Dereva alikuwa ameshawasha injini.

"Mama," Bwana Shauri akasema, "wanaume wawili hawa. Yupi ni Kefa Nzunda, anayekwenda Uingereza mwaka mmoja?"

Leah akanitazama mimi. Akamtazama Nathanaeli. Akanyoosha mkono.

"Ni yule mwenye suti. Aende."

Ukoo ukapiga vigelegele. Nikamsogelea.

"Leah, unafanya nini?"

Alijibu kwa sauti ya chini, bila kugeuka. "Kefa anayekwenda Ulaya nimeshamlilia. Nililia kweli, wewe ukala nyama. Mara ya pili siwezi. Mwache aende yule, wewe shika kikapu turudi nyumbani."

Nilikasirika, sikufichi, msomaji. Lakini chini ya hasira kulikuwa na kitu kingine. Miaka sita ya ndoa, na kumbe kuna mtu alinitaka nibaki kiasi cha kudanganya mbele ya serikali. Nikainama. Mkono wangu ulishagusa mpini wa kikapu.

"Vizuri," Bwana Shauri akasema, anasoma barua. "Mama, na wewe panda."

"Mimi? Niende wapi?"

"Mbeya. Barua inasema: mke wa msafiri afike mbele ya Bwana Mkubwa wa Mbeya, aseme kwa mdomo wake kama anakubali mumewe aende. Akikataa, safari imevunjika. Keti pamoja na mumeo. Basi litakurudisha Alhamisi."

Leah alisimama pale pale. Nathanaeli, kwa adabu, akamsogezea nafasi kwenye benchi.

Sasa naungama lile ambalo wiki zote hizi nimekuwa nikilizunguka. Maneno yale nilikuwa nimeyasoma. Barua ilinifikia mwezi wa Machi, nikamsomea Leah yote, nikaruka pale tu. Niliogopa angekataa. Mpango wangu ulikuwa nikifika Mbeya niseme mke wangu ni mgonjwa, hawezi kusafiri, lakini amekubali kwa furaha.

Leah akanigeukia. Sasa alinitazama usoni.

"Ulikuwa unajua?"

Ningeweza kusema hapana.

"Nilijua."

"Tangu lini?"

"Tangu Machi."

"Tangu Machi walikuwa wanataka kuniuliza mimi," akasema polepole, "na wewe ukanyamaza."

"Leah..."

"Usiniguse, marehemu."

Ilikuwa mara ya kwanza aniite hivyo. Wengine wote waliniita nikasikia kero tu. Yeye aliponiita, nilirudi nyuma hatua moja.

Akachukua kikapu. Akapanda. Akaketi kando ya Nathanaeli, ambaye alivua koti langu na kumfunika mabegani, kwa sababu asubuhi za mwezi wa Agosti kwetu zina baridi. Bwana Shauri akarudisha kofia kichwani. Basi likatoka, vumbi likapanda, na dirishani niliona kisogo cha mke wangu tu.

"Leah! Kataa! Ukifika waambie unakataa!"

"Marehemu, tulia," Baba mkubwa akasema. "Watu wanatutazama."

Sikutulia. Mzee Osea alikuwa ameegemeza baiskeli yake kwenye ukuta wa duka, mpya, bado ina karatasi kwenye mpini. Nikaiparamia. Nikakanyaga. Wapo wanaoniuliza mpaka leo kama nilikuwa nakimbilia Uingereza au nakimbilia mke. Wakati ule sikuikumbuka Uingereza hata kidogo. Nilitaka kufika kwenye dirisha lile kabla ya mlima wa Mbozi, nimwombe mtu mmoja anipe jibu la swali nililomnyima tangu Machi.

Nyuma yangu, ukoo mzima ulikuwa unakimbia, na sauti ya Mzee Osea ikiwashinda wote:

"Mkamateni! Marehemu ameiba baiskeli!"